Kibanda si soko: Ndengu za Mwala zinakuhitaji wewe na simu yako

Zile picha za maonyesho ya biashara unazijua. Akina mama wamevaa fulana za rangi moja, nyuma yao kuna bango kubwa, mbele yao kuna meza yenye pakiti za ndengu, asali na maembe makavu. Mheshimiwa ameshika pakiti moja, anatabasamu. Chini ya picha imeandikwa kwamba wakulima wadogo sasa wamefunguliwa soko la nje. Unabonyeza alama ya kopa, unaendelea na maisha yako.

Mimi nimo ndani ya picha kama hiyo. Ukiangalia vizuri, ni yule jamaa wa pembeni aliyeshika chaja.

Acha nikuambie kilichotokea baada ya picha kupigwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imewashinda wazazi, na kusema kweli chuo chenyewe kilikuwa kimenishinda mimi. Nikabaki Nairobi nikiandika blogu, nikipiga picha za harusi na kuchorea watu mabango. Shangazi yangu anaishi karibu na Masii, kule Mwala, Kaunti ya Machakos. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama 34 wanaolima ndengu na mbaazi, na msimu wa maembe ukifika wanakausha kiasi. Siku moja akanipigia simu. "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Tumelipiwa kibanda kwa maonyesho huko Nairobi. Kuja utusaidie."

Nikaenda. Waliotulipia ni watu wenye nia njema, kwa hivyo sitawataja. Walituchapishia fulana. Walituchapishia bango ambalo jina lao lilikuwa kubwa kuliko letu. Walitupa pia mafunzo ya nusu siku kuhusu jinsi ya kumtabasamia mteja.

Siku ya pili akaja mzee mmoja kutoka nchi za Ghuba. Akachukua ndengu kiganjani, akazigeuza, akang'ata moja. Kisha akauliza maswali manne. Mna tani ngapi kwa msimu? Unyevu wake ni asilimia ngapi, na ulipimwa wapi? Bei yenu ni ngapi mzigo ukiwa tayari ndani ya meli Mombasa? Na mna vyeti gani?

Akina mama wote wakanitazama. Mimi nikaitazama pakiti kana kwamba majibu yalikuwa yamechapishwa nyuma yake. Nikamwambia tutampigia. Akaacha kadi yake, akachukua pakiti moja ya nusu kilo, akaenda kibanda kilichofuata. Shangazi akaniuliza, "Mgeni amesema nini?" Nikamjibu, "Amependa ndengu."

Tulirudi nyumbani na kadi 41 za biashara na shilingi 11,400, pesa za kuwauzia wapita njia kilo mojamoja. Kadi zikalala kwenye mkoba wa shangazi. Wiki tano baadaye nikakumbuka kumwandikia yule mzee. Alinijibu siku hiyohiyo, kwa heshima kabisa: alishapata mzigo kwingine. Msimu huo ndengu za kikundi ziliondoka Masii jinsi zinavyoondoka kila mwaka. Lori la broka, mizani ya broka, bei ya broka.

Ndiyo maana nikisikia ahadi kwamba wakulima wadogo watapelekwa Dubai, Berlin au Paris, sipigi makofi haraka. Sisemi maonyesho ni bure. Nasema kibanda ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye safari hii, na ndicho pekee tunachopenda kukilipia. Mkulima mdogo anakosa mtu wa kukaa na yale maswali manne miezi sita kabla ya maonyesho, na miezi mitatu baada yake. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Tuyachukue moja moja, maana ni hapo watu wengi huanguka.

La kwanza ni kiasi. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 24 za ndengu. Kwa gunia la kilo 90, hayo ni magunia 267 hivi. Kama kila mama anaweza kuuza magunia matatu baada ya kuweka ya kula na ya mbegu, unahitaji karibu familia 90 kujaza kontena moja. Kikundi cha shangazi kina watu 34. Kwa hivyo hata kabla ya kuongea Kizungu na mtu, hesabu inakuambia kwamba kikundi kimoja hakitoshi. Vikundi vitatu vinahitaji kukaa pamoja, kupanda aina moja ya mbegu na kuvuna wakati mmoja. Hiyo ni mikutano chini ya mwembe, na hakuna mheshimiwa anayepiga nayo picha.

La pili ni ubora. Sisi watu wa Ukambani hatufai kuambiwa mara mbili kuhusu unyevu. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliua watu 125 miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui, na Machakos pia iliguswa. Mnunuzi anapouliza unyevu wa ndengu zako si kwamba anaringa. Anajua mzigo usiokauka utaota kuvu baharini. Na kipimo cha kupima unyevu ni kifaa cha kushika mkononi ambacho kikundi kinaweza kuchangia. Isitoshe, pale Katumani, nje kidogo tu ya mji wa Machakos, kuna kituo cha utafiti cha KALRO ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoa mbegu zinazovumilia ukame wetu. Ni mwendo wa matatu kutoka Masii. Ni wangapi kati yetu tuliozaliwa huku tumewahi kuingia hapo na kuuliza swali?

La tatu ni bei. Wengi wetu tunajua bei ya shambani na bei ya gorogoro sokoni. Mnunuzi wa nje anataka bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini Mombasa. Maana yake ujumlishe bei ya mkulima, magunia mapya, kuchambua, kufukiza wadudu, lori hadi bandarini, ada za ukaguzi na malipo ya wakala wa forodha. Ukisahau kitu kimoja, faida ya akina mama 90 imeyeyuka. Hiyo si hesabu ya chuo kikuu. Ni jedwali la kompyuta lenye mistari kumi. Unaweza kulitengeneza kwa simu ukiwa ndani ya matatu kwenye msongamano wa Mombasa Road.

La nne ni vyeti. Mzigo wa mimea hautoki nchini bila cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na hutolewa kwa kila mzigo, si mara moja ukafungia kwenye fremu. Ukifunga chakula kwenye pakiti ya rejareja, Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, linahitaji kukujua. Barkodi unaipata GS1 Kenya. Kila karatasi ina ofisi yake, ada yake na foleni yake. Mama wa miaka 60 anayeishi Muthetheni hawezi kukimbia Nairobi mara tano kufuata karatasi. Lakini wewe unaishi hapo, na fomu nyingi siku hizi zinajazwa mtandaoni.

Sasa utaniambia: lakini masoko yamefunguliwa, si serikali ilitia saini? Ni kweli. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Desemba 2023 na ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Bidhaa zetu zinaingia huko bila ushuru na bila kuwekewa kiwango cha mwisho. Lakini ushuru ni lango moja tu. Lango la pili ni afya, na hilo halifunguliwi kwa saini. Kwa dawa nyingi za wadudu ambazo Ulaya haijaziwekea kiwango maalum, mabaki yanayoruhusiwa ni miligramu 0.01 kwa kilo. Piga hesabu: ni gramu moja ya dawa ndani ya tani 100 za chakula. Jirani akipulizia shamba lake bila mpango na upepo ukavuma, wewe ndiye unarudishiwa mzigo.

Maembe yalitufundisha hayo. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, kabla ya wenyewe kutufungia. Soko hilo halikufunguka tena hadi 2021. Ni miaka saba. Katika miaka hiyo hata ungepewa kibanda cha dhahabu kule Berlin, embe lako bichi halingevuka. Kilichosaidia ni kazi ya shambani: mitego ya nzi, kuokota na kuzika maembe yaliyoanguka, kijiji kizima kufanya hivyo kwa pamoja.

Mbaazi nazo zilitufundisha somo jingine. India ndiyo mlaji mkubwa wa mbaazi duniani, na wakulima wa Afrika Mashariki walipanda wakiitegemea. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Bei huku ikaanguka, na watu wakabaki na magunia nyumbani. Mkulima wa Kibauni angejuaje kwamba serikali iliyo ng'ambo ya bahari inabadilisha sheria? Hangejua. Lakini mtu mwenye simu na bando la intaneti anaweza kujua, na anaweza kumwambia mapema: mama, msimu huu tusiweke mayai yote kwenye kapu la mnunuzi mmoja.

Kama unaona haya yote ni makubwa mno kwa watu wa Mwala, hebu panda gari la Machakos kuelekea Kitui, ushuke Wamunyu. Huko bado Mwala. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alirudi kijijini hapo akitoka Tanganyika, ambako alikuwa amepelekwa vitani na kujionea ufundi wa wachongaji wa huko. Akaanza kuchonga. Wengine wakajifunza kwake. Miaka ilivyosonga, vinyago vya Wakamba vikawa vinasafiri kutoka Wamunyu hadi Nairobi, Mombasa na nje ya nchi, na mafundi wakaunda vyama vya ushirika kukusanya kazi na kuuza pamoja. Hawakungoja mtu awakodishie kibanda. Waliwafuata wanunuzi barabarani na mahotelini, wakaona wanachopenda, wakarudi nyumbani kuchonga hicho. Walijua mnunuzi anataka nini kabla hajauliza. Ndengu zinahitaji akili hiyohiyo.

Nitasema jambo ambalo huenda likakuudhi. Broka si shetani. Nilikuwa namchukia hadi nilipoanza kufanya kazi yake. Anakusanya mzigo wa watu 200 ambao hawajuani. Ana lori. Analipa taslimu siku hiyohiyo, wakati mtoto amefukuzwa shule na karo inadaiwa. Mnunuzi wa nje atakulipa baada ya wiki kadhaa, na mama hawezi kula barua pepe. Kwa hivyo kikundi kikitaka kumkwepa broka, lazima kiwe na akiba ya kuwashikilia wanachama wakati wakingoja malipo. Chama chenu cha kila mwezi kinaweza kufanya kazi hiyo. Anayekuambia "toa broka tu" bila kukuambia nani atalipa karo wiki hiyo anakuchezea.

Basi tuitishe nini? Najua kila mwaka kaunti na mashirika hupanga bajeti ya maonyesho. Mimi naomba mambo matatu.

Kwanza, pesa za kibanda zisitoke kabla ya kikundi kujibu maswali manne kwenye karatasi moja. Kisichoweza kujibu kisaidiwe kujibu, kiende mwaka unaofuata. Ni afadhali vikundi vitatu vilivyo tayari kuliko thelathini vilivyovaa fulana.

Pili, mgeni naye aje. Tiketi ya ndege ya ofisa mmoja kwenda Gulfood kule Dubai inaweza kumleta mnunuzi mmoja Masii. Kwenye ukumbi wa Dubai utakuwa meza moja kati ya maelfu. Kwenye ghala la Masii mko peke yenu, anaona mzigo, anaona watu, anakunywa chai. Na kama ni lazima tusafiri, akina mama wawe kwenye orodha kabla ya maofisa.

Tatu, tuache kuhesabu kadi. Ripoti za maonyesho hupenda kusema tulikutana na wanunuzi wangapi. Ulizeni swali moja tu baada ya mwaka: ni nani aliagiza mara ya pili?

Halafu tusidharau soko la karibu. Kwa sheria rahisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kama bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kuvuka mpaka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachopatikana palepale mpakani. Kuna pia maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ambayo nchi za Jumuiya zimekuwa zikipokezana tangu 1999. Arusha au Kampala hawakuulizi kontena. Wanakuuliza magunia ishirini safi. Ukiweza kutuma magunia ishirini kwa wakati, mara tatu mfululizo, umeshajifunza nusu ya kazi ya Dubai. Na ukiharibu, hasara yako ni ya magunia ishirini.

Turudi kwa shangazi. Baada ya lile jibu la yule mzee, niliona aibu iliyonitoa Nairobi. Nilienda Masii, nikamwomba msamaha kwa kumwambia "amependa ndengu" na kunyamazia mengine. Hakunikemea. Alitoa kadi 41 kutoka kwenye mkoba, akaziweka mezani, akasema, "Sasa anza."

Nikaanza. Nikaandikia kila kadi. Wengi hawakujibu. Wawili walitaka kuniuzia bima. Mmoja alikuwa na kampuni ndogo ya kufunga nafaka Nairobi. Akauliza maswali karibu yaleyale manne, lakini safari hii nilikuwa na karatasi. Msimu uliopita akina mama walikusanya magunia 61 mahali pamoja, tukachambua, tukapima unyevu, tukampelekea. Alilipa shilingi 14 zaidi kwa kilo kuliko broka. Fanya hesabu: ni zaidi ya shilingi 76,000 zilizobaki Masii badala ya kupanda lori. Mimi nilipata asilimia yangu, imeandikwa kwenye kitabu cha kikundi na kila mwanachama ameiona. Dubai bado hatujafika. Vikundi viwili vya jirani vimeanza kuuliza jinsi ya kujiunga, na yule mzee wa Ghuba nimemtumia karatasi yetu. Amejibu kwamba tuongee tukifika tani 24.

Sina digrii. Sina ofisi. Nina simu iliyopasuka kioo na rekodi ya magunia 61. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mko hivyo: mmemaliza chuo hamna kazi, au mmeacha chuo kama mimi, na kila Krismasi mnaenda ushago, mnakula, mnapiga picha machweo, mnarudi mjini na gunia la maembe ya bure. Kiingereza unacho. Barua pepe unaijua. Jedwali unaweza kulijaza. Vitu hivyo unaviona vya kawaida, na ndivyo vilivyokosekana siku ile pale kibandani.

Kwa hivyo wikendi hii usianze na Dubai. Mpigie shangazi, au nyanya, au mjomba yule unayemkwepa kwa sababu ataomba pesa. Muulize alivuna magunia mangapi, aliuza kwa nani, na kwa bei gani. Andika. Kisha muulize jirani yake. Ukifika familia ya kumi utakuwa na karatasi ambayo sisi hatukuwa nayo kwenye maonyesho yale yote, pamoja na fulana zetu.